Picha za eksirei na siti skani zisipotee: tunavyofanya sisi Arusha

Kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi hapa mjini picha zote zilikuwa kwenye eksternali moja juu ya kabati, siku hiyo mtu akajikwaa kwenye waya, diski chini, kwisha habari. Wiki hiyohiyo bibi kaja, daktari anataka picha yake ya kifua ya zamani alinganishe na mpya. Tukabaki tunatazamana.

Kwanza kabisa picha ikae kwenye DICOM (aina ya faili la picha za hospitali) kama ilivyotoka kwenye mashine, msigeuze kuwa JPEG alafu mkafuta ya mwanzo. DICOM inabeba jina, tarehe na vipimo vya milimita, ukipiga filamu kwa simu, faili la simu halibebi hivyo.

Pili piga hesabu ya nafasi kabla hujaenda dukani. Slaisi moja ya siti (kipande kimoja cha picha) ya pikseli 512 kwa 512 ni kama nusu MB, mgonjwa wa slaisi 400 ni MB 200, wagonjwa 10 kwa siku ni GB 2, ukifungua siku 300 umeshakula GB 600 kwa mwaka.

Seva sisi tunatumia Orthanc, programu ya kutunza picha za DICOM, ni ya bure, ilianzia hospitali ya chuo kikuu cha Liège huko Ubelgiji, na haihitaji mashine kubwa. Ile paswedi inayokuja nayo ya orthanc/orthanc (jina na paswedi vyote orthanc) badilisha siku hiyohiyo maana dunia nzima inaijua, na usiifungue seva moja kwa moja kwenye intaneti eti daktari wa Moshi aone picha akiwa nyumbani, mwekee VPN (njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa kituo). Kila mtu na akaunti yake jamani, mambo ya paswedi moja kubandikwa kwenye monita hapana. UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) ni lazima, umeme wetu mnaujua.

Sasa bakapu, hapa ndo watu wanajidanganya. Diski mbili zinazonakiliana papo hapo ndani ya seva (RAID 1) sio bakapu, ukifuta huku na kule kumefutika. Weka nakala tatu: ya seva, ya diski nyingine inayochomolewa ikishamaliza kunakili ili kirusi kisiikute, na ya tatu mji mwingine, yetu inakaa Moshi, kama kilomita 80 hivi. Diski inayopanda gari ifungwe kwa BitLocker (kifungo cha siri cha Windows) kwanza, na ufunguo wake uandikwe kwenye karatasi iliyofungiwa ofisini, sio kwenye begi la diski! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo kazini tangu Mei 2023, kwa hiyo hata ile kurusha picha yenye jina la mgonjwa kwenye grupu la WhatsApp acheni.

Alafu kila mwezi chagua mgonjwa mmoja, rudisha picha zake kutoka kwenye bakapu kwenye laptopu ya kituo isiyotumika kwa kazi za kila siku, hesabu slaisi. Mwezi uliopita nimerudisha nikapata 212 badala ya 240, kumbe kebo ya USB ilikuwa inakatakata. Tumebadilisha kebo, tukanakili upya diski nzima, ikatuchukua usiku kucha.