Usalama katika chuo cha jamii Marekani: mambo ya kupanga kabla ya darasa la jioni

Vyuo vya jamii vya Marekani, vile vya miaka miwili ambako Wakongo, Wakenya na Watanzania wengi huanzia Kiingereza, uuguzi au ufundi, mara nyingi havina mabweni. Mwanafunzi anafika kwa gari au basi, anasoma, anarudi kazini au kwa watoto. Ndiyo maana ushauri ulioandikwa kwa vyuo vikuu vyenye mabweni haumsaidii sana. Hatari inayomhusu iko kwenye maegesho saa tatu usiku, kwenye meza ya maktaba, kwenye barua pepe ya chuo, na katika kutojua ampigie nani.

Ujue nani analinda

Vyuo hivi havilindwi kwa namna moja. Vingine vina polisi wao kamili, wenye silaha na mamlaka ya kukamata. Northern Virginia Community College ni mfano. Vingine huajiri walinzi wa kampuni. Hawa hufungua na kufunga milango, huzunguka usiku na huandika taarifa, lakini uhalifu ukitokea nao hupiga 911, namba ya dharura ya Marekani, kama wewe. Halafu kuna madarasa ya Kiingereza yanayofundishwa kanisani, maktaba ya mtaa au shule iliyoazimwa jioni. Huko mlinzi wa chuo huenda hayupo kabisa, na namba iliyoandikwa nyuma ya kitambulisho chako inaita ofisi iliyo upande mwingine wa mji.

Wiki ya kwanza nenda dawati la ulinzi ukaulize: ninyi ni polisi au walinzi? Mnakuwepo hadi saa ngapi, na Jumamosi je? Darasa langu la nje ya kampasi linamtegemea nani? Namba yao iandike kwenye simu kwa jina linaloanza na AA, ikae juu ya orodha.

Ukiwa hapo hapo, hakiki namba yako mwenyewe. Ujumbe wa dharura wa chuo huenda kwenye namba uliyojaza siku ya kujiandikisha. Mgeni huanza na laini ya kulipia kabla, anahama kampuni kufuata bei nafuu, na tahadhari zinaendelea kumfikia mtu mwingine. Ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, tafuta ukurasa wa tahadhari za dharura, weka namba unayotumia leo, na uchague ujumbe mfupi, si barua pepe peke yake. Sheria inavitaka vyuo vijaribu taratibu zao za dharura angalau mara moja kwa mwaka. Simu za wenzako zikilia siku ya jaribio na yako ikanyamaza, rekebisha siku hiyo hiyo.

Kupiga 911

Ni bure, hata kwa simu ya mkononi isiyolipiwa laini. Ila simu ya aina hiyo ikikatika, mhudumu hawezi kukupigia tena. Kwa hiyo mpangilio wa maneno una maana:

1. Mahali kwanza. Jina la chuo, kampasi, jengo, ghorofa, namba ya chumba. Chuo kimoja huweza kuwa na kampasi kadhaa katika mji mmoja, na ndani ya jengo kubwa simu haionyeshi ghorofa kwa uhakika.
2. Lugha. Neno moja linatosha: "Swahili". Mhudumu ataunganisha mkalimani kwa simu, na hapo patakuwa na ukimya. Wengi hukata wakidhani wameachwa. Usikate. Kama wewe ni wa Bukavu na mkalimani ni wa Mombasa, sema kwa sentensi fupi, mtaelewana.
3. Tukio. Nani ameumia, kuna silaha au hakuna, mtu huyo ameelekea wapi, amevaa nini.
4. Baki kwenye simu mpaka uambiwe ukate. Na ukipiga kwa bahati mbaya, usikate pia. Eleza kwamba umekosea, la sivyo watakupigia au watatuma askari.

Simu za mezani madarasani zina kasoro yake. Sheria iitwayo Kari's Law, iliyoanza kutumika tarehe 16 Februari 2020, inataka 911 ipigwe moja kwa moja bila kutanguliza tarakimu nyingine, lakini inahusu mitambo iliyofungwa kuanzia siku hiyo. Mitambo ya zamani huenda bado ikataka 9 kwanza. Mwulize mwalimu, usijaribu.

Maeneo mengi, si yote, hupokea ujumbe mfupi kwa 911. Utakufaa ukiwa umejificha na huwezi kusema. Pasipo huduma hiyo utarudishiwa jibu la kukutaka upige.

Soma takwimu za chuo chako, na ujue zinaficha nini

Mwaka 1986 mwanafunzi Jeanne Clery aliuawa chumbani mwake katika Lehigh University, Pennsylvania. Milango ya jengo lile ilipaswa kujifunga yenyewe, lakini ilikuwa imezuiwa ibaki wazi. Kutokana na kifo chake ilipitishwa sheria ya mwaka 1990 inayobeba jina lake. (Na ndiyo sababu mlinzi hukasirika akikuta umeweka kiti mlangoni ili mwenzako asihangaike kugonga.) Kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu ya kuwasomesha wanafunzi lazima kitoe ripoti ya usalama ifikapo tarehe 1 Oktoba kila mwaka, yenye hesabu za uhalifu za miaka mitatu. Andika jina la chuo mtandaoni pamoja na maneno "annual security report", utaipata.

Sasa tahadhari. Ripoti hiyo huhesabu mauaji, makosa ya ngono, unyang'anyi, mashambulizi makubwa, uvunjaji wa majengo, wizi wa gari zima na mengine ya uzito huo. Wizi wa kawaida haumo. Kompyuta iliyobebwa mezani, mkoba uliochukuliwa kwa kuvunja kioo cha gari, masega ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi wa gari) yaliyokatwa: hakuna hata kimoja kinachoingia kwenye jedwali, isipokuwa kama kilifanywa kwa chuki ya rangi, dini na kadhalika. Kwa hiyo sifuri nyingi kwenye ripoti si ushahidi kwamba maegesho ni salama. Na sifuri kwenye safu ya ubakaji yaweza kumaanisha tu kwamba hakuna aliyethubutu kusema.

Kinachofaa zaidi ni daftari la kila siku la uhalifu. Chuo chenye kitengo cha polisi au ulinzi lazima kiwe nalo, kiandike tukio ndani ya siku mbili za kazi, na kurasa za siku 60 zilizopita ziwe wazi kwa yeyote saa za kazi. Za nyuma zaidi unapewa ndani ya siku mbili za kazi tangu uombe. Humo wizi mdogo upo, pamoja na saa na mahali. Ukiona maegesho ya upande wa mazoezi yametajwa tena na tena kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, umeshajua pa kutoegesha.

Maegesho

Chagua nafasi ya usiku wakati bado kuna mwanga: chini ya taa uliyokwisha kuiona ikiwaka, mahali panapoonekana kutoka mlangoni, mbali na vichaka na magari makubwa ya mizigo. Ingia kinyumenyume ili utoke moja kwa moja. Mkoba na kompyuta viingize kwenye buti kabla hujafika chuoni. Ukivificha ukiwa tayari maegeshoni, anayechungulia ameshaona, na buti za magari mengi hufunguliwa kwa kitufe kilicho ndani ya gari.

Gari la kwanza la mhamiaji huwa la mtumba, na baadhi yana udhaifu unaojulikana. Kia na Hyundai nyingi za kati ya 2011 na 2022, zile za kuwashwa kwa kuzungusha ufunguo, zilitoka kiwandani bila chipu ya kuzuia injini isiwake kwa ufunguo bandia. Wakala wa kampuni hizo huweka programu ya kurekebisha bila malipo kwa magari mengi ya kundi hilo. Mpigie ukiwa na namba ya chesisi. Ongeza kufuli la usukani, lenye rangi kali, maana faida yake kubwa ni kuonekana. Toyota Prius nayo hutafutwa kwa masega yake, yenye madini ya platini, paladi na rodi. Mwenye msumeno wa betri huyakata kwa dakika chache. Egesha ekzosi ikielekea ukutani.

Majira ya baridi kuna mtego mwingine: kuacha gari likinguruma ili lipate joto huku umerudi ndani. Katika majimbo kadhaa hilo ni kosa kisheria, na wezi huzunguka wakitafuta hasa magari ya namna hiyo. Mtoto akiwa kiti cha nyuma, balaa inakuwa nyingine kabisa.

Kutoka darasani usiku, omba kusindikizwa. Vyuo vingi hutoa huduma hiyo bure, lakini zamu ya usiku huweza kuwa na mlinzi mmoja kwa kampasi nzima, kwa hiyo piga dakika 10 hadi 15 kabla ya darasa kwisha, si ukiwa umeshasimama gizani. Shika ufunguo mkononi kabla ya kuvuka mlango. Ukiingia garini funga milango, washa, ondoka. WhatsApp utaisoma nyumbani. Ukihisi unafuatwa, rudi kwenye jengo lenye watu. Mtu akikudai simu au ufunguo kwa silaha, mpe.

Kwa wa basi: linganisha saa ya basi la mwisho na saa ya darasa kabla ya kujiandikisha. Subiri ndani, penye mwanga, mpaka programu ya simu ionyeshe basi liko karibu.

Vifaa vyako vipige picha kabla havijapotea: namba ya utambulisho (serial number) iliyo chini ya kompyuta, na IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, kwa kubonyeza *#06#. Bila namba hizo polisi hawawezi kuthibitisha kwamba simu iliyokutwa dukani ni yako. Toa taarifa hata kama huna tumaini, upewe namba ya kesi.

Kazi inayokuja kwa barua pepe

Utapeli huu huwapata wanafunzi wengi kwa sababu huja kwenye anwani ya chuo, wakati mwingine kwa jina la mhadhiri halisi. Kazi ni nyepesi, malipo ni manono, hakuna usaili. Unatumiwa hundi, unaiweka benki, kesho yake fedha zinaonekana. Kisha "mwajiri" anakuomba urudishe sehemu, au ununue kadi za zawadi na kumpigia picha namba zake. Kinachowanasa watu ni kuona fedha kwenye akaunti. Sheria huilazimisha benki ikuruhusu kutumia sehemu ya fedha ndani ya siku chache, ilhali kugundua kwamba hundi ni ya bandia huchukua hata wiki kadhaa. Ikirudi, deni lote ni lako. Kabla ya kujibu, nenda ana kwa ana kwa mhadhiri huyo au ofisi ya ajira ya chuo.

King'ora, silaha, moyo

King'ora cha moto kikilia, toka kwa ngazi, usingoje kuona moshi, na usitumie lifti. Kizimamoto cha ukutani hutoa unga kwa sekunde 10 hadi 20 tu: kinafaa kwa moto wa kikapu cha taka, hakifai kwa chumba kinachowaka.

Kwa mshambuliaji mwenye bunduki, mafunzo rasmi yana ngazi tatu: kimbia kama kuna njia, huwezi, jifiche, huna jingine, pambana. Kujificha ni kufunga mlango, kuuzibia kwa meza, kuzima taa na kuzima mtetemo wa simu pia, si mlio peke yake. Polisi wakiingia, mikono juu, mitupu, vidole vimetanuliwa. Hawajui nani ni nani, na simu mkononi huweza kuonekana kama silaha. Mgeni Texas ajue pia kwamba tangu tarehe 1 Agosti 2017 mwenye leseni anaruhusiwa kubeba bastola iliyofichwa ndani ya vyuo vya jamii. Akiionyesha waziwazi ni suala la kupiga simu.

Mtu akianguka na hapumui: mmoja apige 911, mwingine alete mashine ya kushtua moyo iliyo ukutani, na wa tatu abonyeze katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mashine ikiwashwa huongea na kuelekeza kila hatua, na haitashtua moyo usiohitaji.

Ukidhalilishwa kingono

Jua unaongea na nani. Katika vyuo vingi mwalimu, hata umpende vipi, anawajibika kupeleka habari kwa ofisa wa Title IX, sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia vyuoni. Mshauri nasaha na muuguzi wa chuo kwa kawaida hutunza siri. Waulize kabla hujaanza kueleza. Hospitali ifikiwe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 72, bila kuoga. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Uchunguzi huo haulipiwi na mwathirika, na hulazimiki kufungua kesi polisi ili ufanyiwe.

Wasio na hati kamili huogopa kuripoti. Wajue kuna viza ya U kwa waathirika wa makosa fulani, ukiwemo ubakaji na ukatili wa nyumbani, wanaosaidia upelelezi. Hutolewa 10,000 tu kwa mwaka, hivyo foleni ni ya miaka. Maombi hutaka fomu I-918 Supplement B iliyosainiwa na polisi, mwendesha mashtaka, hakimu au mamlaka nyingine ya namna hiyo. Mlinzi wa kampuni hawezi kuisaini, na taarifa aliyoiandika yeye si taarifa ya polisi, kwa hiyo hakikisha tukio linafika polisi wa mji na unachukua namba ya kesi. Saini hiyo haitakiwi kuwa na umri wa zaidi ya miezi sita siku unapowasilisha maombi. Kamilisha maelezo yako na mwanasheria wa uhamiaji kwanza, ndipo uombe fomu isainiwe.