Ukitaka kusaidia akina mama wa mwaloni, panga kazi kwa mbalamwezi

Miradi mingi ya kuwawezesha wanawake huku kandokando ya Ziwa Victoria hufa mapema kwa sababu ratiba yake imepangwa na mtu wa ofisini. Mimi ni mratibu wa shirika dogo hapa Ilemela, Mwanza, na kazi yetu iko kwa waanika dagaa wa Igombe na Kayenze. Wewe unayetaka kuanzisha huduma kama hii kwenye mwalo wenu, yaani pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapofikia, nakuomba uanzie angani.

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, na kwa siku kama kumi mwalo unapoa. Lakini siku za giza zikiingia, mama anafika ufukweni kabla hakujapambazuka. Anasubiri mtumbwi, ananunua kwa ndoo, anaanika, anageuza, anatazama mawingu, jioni anaanua. Ukimwita semina saa nne asubuhi wiki hiyo, watakaokuja ni wenye shida ya posho, na yule uliyemkusudia hutamwona. Mama mmoja wa Igombe aliniambia huku akigeuza dagaa zake kwa ufagio: "Dada, mimi nakuheshimu. Lakini mvua ikizikuta zimeanikwa na mimi niko darasani kwako, nani atanilipa?" Ana haki. Dagaa zikinyeshewa zinaharibika rangi na harufu, na bei inashuka hadi ya chakula cha kuku.

Kwa hiyo mafunzo yote yaweke siku za mbalamwezi. Yawe mafupi, yafanyike mwaloni penyewe, na uwe na mtu wa kuwaangalia watoto, umlipe. Marejesho ya mikopo ya kikundi nayo yafuate mkondo huohuo: mama alipe siku za giza, siku za mbalamwezi apumzike. Ukimdai kila Ijumaa bila kujali, atakwenda kukopa kwa riba ili akulipe wewe.

Fedha zipo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Kinachowakwamisha akina mama ni makaratasi. Kaa nao mpate katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki na namba za NIDA (kitambulisho cha taifa), kisha mwende pamoja kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Anza na NIDA, maana ndiyo inayochelewa kuliko vyote. Na tafadhali, andiko la mradi lisinunuliwe steshenari. Nimeshika mikononi andiko la ufugaji wa kuku lililobebwa na wanawake ambao maisha yao yote ni dagaa! Waulize ndoo moja wananunua bei gani siku nzuri na siku mbaya, gunia linauzwaje kule mwaloni Kirumba, nauli ni kiasi gani. Hayo ndiyo muandike.

Ujuzi wa kuwafundisha kwanza ni kuanika kwenye chanja, yaani meza ya kuanikia iliyoinuliwa juu ya nguzo, badala ya mchangani. Dagaa zisizo na mchanga hununuliwa haraka, na mvua ikitishia ni rahisi kuzifunika. Chuo cha uvuvi cha FETA kipo Nyegezi, waulizeni. Chanja zijengwe na wanakikundi wenyewe ili nguzo ikioza wajue kuibadilisha.

Liko jambo ambalo wengi hulizungukazunguka, mimi nalisema wazi. Mwanamke asiye na mtaji huombwa mwili wake ili apewe dagaa kwanza. Semina ya kujitambua peke yake haimsaidii mtu ambaye watoto wanamsubiri nyumbani. Kinachosaidia ni fedha mkononi: kikundi kinunue kwa pamoja, wawili waende mtumbwini kwa niaba ya wote wakiwa na taslimu, halafu wagawane mzigo. Na kila mwanakikundi ajue njia ya kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na asiende peke yake.

Kuhusu shirika lako lenyewe, taarifa ya mwaka kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali iende kwa wakati. Usiegemee mfadhili mmoja. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, tuliona kazi za wenzetu zikisimama ghafla. Vikundi vilivyoendelea kukutana ni vile ambavyo sanduku la hisa, yaani la akiba ya kikundi, lilikuwa lao na mwalimu alikuwa mama wa palepale. Basi tangu mwanzo chagua wanawake wawili wenye kusikilizwa, wafundishe kuweka hesabu, na posho ya mafunzo wapewe wao.

Mfadhili atakuuliza wangapi wamefunzwa. Mjibu, lakini uwe na daftari lako la pili: nani bado anakopa kwa tajiri mwenye mtumbwi, na nani amenunua kwa hela yake giza hili. Lijaze mbalamwezi kila inapofika, mkiwa wote mmekaa, na mwezi unaofuata anza kutembelea nyumba za wale ambao bado wanakopa.