Maji Yakituama Shambani, Anza Kuchimba Chini

Kabla hujashika sululu, ngoja mvua kubwa inyeshe. Ikikatika, vaa buti, zunguka shamba na uchomeke kigingi kila penye dimbwi. Ukirudi baada ya siku 2 ukakuta maji bado yapo, hapo ndipo penye kazi. Mizizi iliyozama hukosa hewa na nitrojeni ya udongoni hupotea, ndiyo maana mahindi machanga hugeuka manjano. Kumwaga mbolea zaidi kwenye maji hayo ni kuitupa.

Chimba pia shimo la kina cha sentimita 60. Likijaa maji yanayopanda kutoka chini hata siku za ukavu, mitaro ya juu pekee haitakutosha.

Sasa, maji utayatoa yaelekee wapi? Wengi huanzia kwenye dimbwi na kuchimba kuelekea kokote, kisha hubaki na bwawa refu jembamba. Tafuta kwanza mkondo ulio upande wa chini wa shamba. Ikibidi maji yapite kwa jirani, kubalianeni mapema. Ugomvi wa maji huchukua misimu mingi kupoa. Halafu anza kuchimba huko chini ukipanda juu, ili maji yapate njia wakati kazi inaendelea.

Mtaro ushuke sentimita 10 hadi 50 kwa kila mita 100. Ukilala mno hujaa tope, ukiinama mno maji huukwangua. Macho hudanganya sana kwenye tambarare, kwa hiyo tumia kamba na pimamaji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa. Kingo zisisimame wima: katika udongo wa mfinyanzi, kwa kila mita 1 ya kina ukingo urudi nyuma mita 1; katika kichanga, mita 2. Udongo uliotoka usiurundike kando, kwani utayazuia maji yasiingie mtaroni. Utandaze kwenye mabonde madogo ya shamba.

Shamba tambarare la mfinyanzi hufaa matuta mapana yaliyoinuka katikati, na mifereji kati yake imwage kwenye mtaro mkuu. Mistari ya mazao ifuate mifereji hiyo, isiikate. Kama maji hutoka mlimani, mtaro wa kinga upande wa juu wa shamba, wa kuyakata kabla hayajaingia, utakupunguzia usumbufu.

Mtaro mkuu uoteshe nyasi fupi na uzifyeke. Mitaro mingine izibue kabla ya msimu, na tena baada ya mvua kubwa ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo hushusha mabua na tope lote.