Dubai peke yako kutoka Mtwara au Lindi: namna ya kupanga ili safari isikuangushe

Mtu aliyekwenda Dubai peke yake akarudi amenuna, mara nyingi hakuibiwa wala hakuugua. Alikwenda mwezi usiofaa, akalala mbali na treni, na mchana ukamkuta hajui pa kwenda. Yote matatu huamuliwa huku nyumbani kabla ya kukata tiketi, ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye maandalizi kuliko kwenye vivutio. Wawili wakikosea hugawana hasara. Wa peke yake hulipa chumba kizima na teksi nzima, na hana wa kumwangalizia begi akienda msalani.

Mwezi wa kwenda

Kwa watu wengi wa Kusini safari hupangwa kwa korosho. Minada huanza Oktoba, na malipo huendelea kuingia hadi kuelekea Januari. Hapo kalenda yetu na ya Dubai zinapatana vizuri, kwa sababu kati ya Novemba na Machi mchana huwa wa nyuzi 24 hadi 30 hivi na mtu hutembea kwa miguu bila taabu.

Juni hadi Septemba ni habari nyingine. Joto hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari haupungui hata usiku. Usijidanganye kwamba mtu wa pwani amezoea jua: hapa nyuzi 31 zina upepo wa bahari na kivuli cha mwembe, kule Agosti unatoka kituoni ukienda hotelini mita 600 na shati limelowa. Tiketi na vyumba hushuka bei miezi hiyo kwa sababu hiyo hiyo, na wengi huingia mtegoni kwa kutazama bei peke yake. Juu ya hayo, sehemu za wazi zinazotangazwa sana, kama Global Village na Miracle Garden, hufungwa wakati wa kiangazi chao.

Ndani ya msimu mzuri epuka kuanzia takribani Desemba 20 hadi siku za mwanzo za Januari, maana mwaka mpya hupandisha bei za vyumba kupita kiasi. Katikati ya Januari ni bora zaidi. Tazama pia Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi. Mchana migahawa mingi midogo hufungwa, na mji huchangamka baada ya futari. Kwa anayefunga, huo ni wakati mzuri sana. Kwa asiyefunga, tena anayekwenda mara ya kwanza akiwa peke yake, siku zitakuwa ndefu.

Pasipoti, viza na mpangilio wa malipo

Pasipoti huombwa ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, na ada yake ni shilingi 150,000. Iwe na uhai wa miezi sita au zaidi kuanzia siku ya kuingia Dubai. Hakikisha majina kwenye tiketi na viza yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Mwenye "Saidi" kwenye pasipoti akiandikiwa "Said" kwenye tiketi anaweza kusimamishwa kaunta.

Mtanzania anahitaji viza kabla ya kuondoka. Ya utalii hutolewa ya siku 30 au 60, na huombwa kupitia shirika la ndege, wakala au hoteli. Ukiomba kupitia shirika la ndege utatakiwa kuwa na tiketi yao kwanza. Hapo ndipo pesa hupotea: viza ikikataliwa na tiketi uliyokata ni ile ya bei ya chini kabisa isiyorudishwa, umeumia. Kwa hiyo uliza kwa maandishi, "Viza ikikataliwa narudishiwa kiasi gani?" Hoteli nayo chagua ile inayoruhusu kufuta bila malipo. Ukizidisha siku za viza, faini ni dirham 50 kwa kila siku.

Viza ya utalii si kibali cha kazi. Anayekuambia "njoo kwa viza ya matembezi, kazi ipo ukifika" anakuweka pabaya, hata akiwa ndugu.

Dawa zichunguze kabla ya kufunga begi. Tramadol na dawa zenye codeine zinadhibitiwa vikali kule, na haitoshi kusema daktari ndiye aliyekuandikia. Dawa za namna hiyo zinahitaji idhini ya serikali yao, inayoombwa mtandaoni kabla ya safari. Za kawaida ziache kwenye pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari.

Kutoka Kusini hadi uwanja wa ndege

Mtwara hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 560, na kwa basi ni siku nzima. Kiangazi lala Dar usiku mmoja kabla ya kuruka. Machi hadi Mei weka usiku mbili, tatu mvua zikiwa zimeshika. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Ndege ya nje haimsubiri aliyekwama Somanga.

Ukipanda ndege Mtwara kwenda Dar kwa tiketi ya pekee, kumbuka hizo ni safari mbili zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikudai wala hulidai chochote. Umekosa ndege basi. Wacha angalau nusu siku katikati, na ukiweza, usiku mmoja.

Shilingi zetu usizitegemee Dubai. Beba dola safi, zisizochanika wala kuandikwa. Benki itataka kuona pasipoti na tiketi kabla ya kukuuzia, kwa hiyo usisubiri siku ya mwisho. Dirham imefungwa kwenye dola, takribani 3.67 kwa dola moja, kwa hiyo utajua mara moja kama unapunjwa. Uwanjani badilisha dola 20 au 30 tu za kuanzia, nyingine ukabadilishie mjini, mtaa wa Deira, ambako maduka ya fedha yamepangana na bei hushindana.

Chumba

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, maana chumba kibaya humharibia mtu wa peke yake safari nzima. Hana mwenzake wa kumwambia "twende zetu kwingine".

Tafuta Deira au Bur Dubai, na upime umbali kutoka kituo cha metro, yaani treni ya mjini, kwa miguu, usizidi mita 700. Vituo vya kulenga ni Union, Al Rigga, Baniyas Square na BurJuman. Union na BurJuman ni bora kupita vyote kwa sababu njia nyekundu na ya kijani hukutana hapo, nawe hupotezi muda kubadilisha treni.

Utaona vyumba vya Sharjah, mji jirani, kwa bei ya chini sana, na tangazo litasema "dakika 20 kutoka Dubai". Dakika hizo ni za usiku wa manane. Sharjah haina metro, na barabara kati ya miji hiyo miwili hufunga foleni asubuhi na jioni. Unachookoa kwenye chumba utakilipa kwenye teksi na kwenye saa mbili za kila siku ndani ya gari.

Kisha soma maoni ya waliolala pale. Anza na yaliyotoa alama za chini, ya miezi mitatu ya karibuni. Hoteli nyingi za bei nafuu Deira zina kumbi za muziki chini au ghorofa ya kwanza, na besi hutikisa kitanda hadi saa 9 usiku. Picha haitakuonyesha hilo, ila mtu aliyelala chumba 204 atakuwa ameandika. Tafuta pia malalamiko ya kunguni, ya kiyoyozi na ya chumba kisicho na dirisha. Ukishachagua, waandikie uombe chumba cha ghorofa ya juu, mbali na lifti.

Bei unayoiona mtandaoni huenda si yote. Kuna tozo ya utalii, dirham 7 hadi 20 kwa chumba kwa kila usiku kulingana na daraja la hoteli, na hulipwa kaunta. Nyingi pia hushikilia dhamana, taslimu au kwenye kadi, na kukurudishia siku ya kuondoka. Asiyeitengea fedha hiyo huanza safari akiwa amepungukiwa.

Kitanda cha kupanga ndani ya chumba kilichogawanywa kwa mbao, kinachotangazwa kwenye makundi ya simu, kiache. Huna risiti, huna pa kulalamika.

Siku zenyewe

Siku ya kufika usipange chochote kikubwa. Ndege ya moja kwa moja huchukua saa tano na ushee, na saa ya kule iko mbele ya yetu kwa saa moja. Terminali 1 na 3 zina metro. Terminali 2 haina, kwa hiyo ukishukia huko tenga fedha ya teksi, ambayo kutoka uwanjani huanza na dirham 25 kabla gurudumu halijazunguka.

Nunua kadi ya nauli ya Nol, ya rangi ya fedha, kituoni. Nauli ni dirham 3, 5 au 7.5 kulingana na kanda unazovuka. Tazama sakafu ya jukwaa kabla ya kupanga mstari: sehemu moja imechorwa mstari na maandishi ya waridi, nayo ni ya wanawake na watoto. Mwanamume anayesimama upande usio wake anatozwa dirham 100. Mwanamke anayesafiri peke yake aitumie sehemu hiyo, hasa jioni, maana huko kunapumulika. Kula, kunywa maji au kutafuna bigijii ndani ya treni nako ni faini ya dirham 100. Jumapili treni huanza saa 2 asubuhi, siku nyingine saa 11 alfajiri.

Kinachowakata watu tamaa zaidi ni saa za mchana. Masoko ya zamani ya Deira, ya dhahabu na ya viungo, huchangamka asubuhi kisha maduka mengi madogo hufunga kuanzia saa 7 hivi hadi saa 10 jioni. Ijumaa hali ni hiyo zaidi. Mgeni anafika saa 8 mchana, anakuta milango ya chuma imeshushwa, anaamua mji umekufa. Ugawe mchana hivi: asubuhi masoko na mitaa ya zamani ya Al Fahidi, mchana mahali penye kiyoyozi au chumbani kulala, jioni hadi usiku nje tena. Ndivyo wenyeji wanavyoishi.

Kuvuka hori ya Dubai kwa abra, mashua ndogo ya mbao, ni dirham moja, uwe nayo mkononi ya sarafu. Aliyezoea pantoni ya Msangamkuu atajisikia nyumbani, na hakuna kitu cha bei hiyo Dubai kinachofurahisha kama hicho. Nenda jua linapozama.

Burj Khalifa, mita 828, huhitaji kuupanda ili kuuona. Tiketi za saa ya machweo ni ghali kuliko za asubuhi. Chini yake kuna chemchemi inayocheza, bure, lakini hata hiyo ilifungwa kwa matengenezo kwa miezi kadhaa mwaka 2025. Kila kitu unachokifuata, thibitisha kwamba kiko wazi wiki ile unayokwenda. Kutoka kituo cha metro hadi Dubai Mall ni mwendo wa dakika kumi na zaidi kwenye daraja lililofunikwa, vaa viatu vya kutembea. Na kama umekulia Mikindani au umeiona Msimbati, pwani za kule usizipe zaidi ya saa mbili.

Safari ya jangwani chukua ile ya gari la kuchangia, si ya gari zima. Uliza kabla ya kulipa: wanakufuata Deira? Chakula kimo? Pikipiki za magurudumu manne ni za ziada? Msimu wa baridi beba sweta, jangwani usiku hupoa.

Simu za nyumbani

Hili huwashtua wengi usiku wa kwanza: kupiga simu kwa WhatsApp hakufanyi kazi Dubai. Ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita, kupiga hakupiti. Mtu ameketi chumbani peke yake, mama Lindi anangoja, simu haiiti. Kila upande unadhani kuna baya. Kabla ya kuondoka, wewe na mmoja wa nyumbani wekeni kwenye simu programu ya Botim au Zoom na mjaribu mkiwa bado hapa. Kubalianeni saa moja ya kila siku.

Ikiharibika ukiwa huko huko

Siku ya pili ndiyo huwa mbaya: uchovu haujatoka, na mtu wa kuzungumza naye hajapatikana. Usikimbilie kubadilisha tiketi, gharama yake ni kubwa. Lala, kula chakula cha moto kwenye mgahawa wa Kihindi au Kipakistani wa mtaani, ambapo dirham 15 hadi 25 zinakushibisha. Kama tatizo ni chumba, nenda kaunta mapema asubuhi, kwa upole, ukiwa na picha ya tatizo, uombe kuhamishwa. Asubuhi wanaona vyumba vinavyotoka. Saa 4 usiku hawana cha kukupa.

Siku ya kurudi chukua dhamana yako na risiti. Pima begi hotelini, maana kilo za ziada uwanjani ni ghali. Betri za kuchajia simu ziingie kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye la kupakia. Na tiketi ya basi la Mtwara ikate ya kesho yake, usiikate ya siku ile ile unayotua Dar.