Ukituhumiwa kutumia intaneti ya ofisi kwa mambo binafsi: namna ya kujitetea Tanzania Bara

Barua ya kukutaka ujieleze huwa fupi. Inasema kwamba umeonekana ukitumia intaneti ya kampuni kwa shughuli zako binafsi wakati wa saa za kazi, inakutaka ueleze kwa maandishi kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu, na mara nyingi inakupa hadi kesho asubuhi. Ushauri wangu wa kwanza, ambao nimeurudia kwa kila mwenzangu niliyemsindikiza kwenye kikao cha nidhamu, ni kwamba usiijibu barua hiyo ukiwa umesimama mezani kwa ofisa rasilimali watu. Saini kwamba umeipokea, andika tarehe na saa uliyoipokea, baki na nakala yako, kisha uombe kwa maandishi upewe taarifa ya kumbukumbu za mtandao ambazo tuhuma imejengwa juu yake, pamoja na muda wa kutosha wa kuzisoma.

Sababu ya kusisitiza hilo ni kwamba jibu la haraka huwa ndilo linalomponza mtu kuliko kosa lenyewe. Iko kesi moja ya Romania iliyofika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo inafaa kufahamika hata kwetu, ingawa haizifungi mahakama zetu. Mhandisi wa mauzo aliulizwa mwaka 2007 kama alitumia akaunti ya Yahoo Messenger ya kazini kwa mambo binafsi, naye akakana kwa maandishi. Mwajiri akamwekea mezani kurasa 45 za mazungumzo yake, yakiwemo aliyofanya na ndugu yake na mchumba wake, kisha akamfukuza. Tarehe 5 Septemba 2017 Baraza Kuu la Mahakama hiyo liliamua, kwa kura 11 dhidi ya 6, kwamba haki yake ya faragha haikulindwa, na miongoni mwa mambo yaliyotazamwa sana ni kama alikuwa ameonywa mapema kwamba mawasiliano yake yangefuatiliwa na kwa kiwango gani. Alishinda, lakini baada ya miaka kumi.

Sasa turudi nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili kwa pamoja: kwamba alikuwa na sababu halali na ya haki ya kumwachisha mfanyakazi, na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha uko kwake. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza maswali ambayo mwamuzi wa mgogoro wako atayauliza ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mimi huwashauri watu wayaandike kwenye karatasi na kuyajibu moja baada ya jingine kabla ya kuandika utetezi wowote. Je, ilikuwepo kanuni kazini kuhusu matumizi ya intaneti? Je, ilikuwa wazi na yenye mantiki? Je, mfanyakazi aliijua, au ilitarajiwa aijue? Je, imekuwa ikitumika kwa usawa kwa watu wote? Na je, kufukuzwa ni adhabu inayolingana na kosa?

Hapo ndipo tuhuma nyingi za namna hii hulegea. Ofisi inaweza kuwa na sera ya matumizi ya kompyuta iliyoandikwa vizuri, lakini imehifadhiwa kwenye kabati la meneja na hakuna mfanyakazi aliyewahi kuisaini. Au sera inasema kwamba matumizi binafsi ya kiasi yanaruhusiwa, bila kueleza kiasi ni nini. Au idara nzima hutazama mechi kwenye kompyuta Jumamosi, msimamizi akiwemo, halafu anaadhibiwa mmoja. Kama hali yako ni ya namna hiyo, iseme kwa mifano yenye tarehe, na usiishie kulalamika kwamba umeonewa. Ukisema tu kwamba kila mtu anafanya hivyo, hautasaidika. Ukionyesha tangazo la msimamizi kwenye kundi la WhatsApp la idara linalowaalika wote kutazama fainali, umeleta ushahidi.

Jambo la uzito wa kosa lina kanuni yake. Kosa la kwanza halihalalishi mtu kuachishwa kazi, isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usiweze kuendelea. Mifano inayotajwa kwenye Kanuni ni kama udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine, uzembe mkubwa, kumpiga mtu na ukaidi mkubwa. Kusoma magazeti mtandaoni kwa nusu saa hakumo humo. Ila lazima niwe mkweli: kutuma orodha ya wateja kwenye barua pepe yako binafsi, kuonyesha picha za ngono ofisini, au kupakua programu iliyoingiza virusi kwenye mfumo wa kampuni ni mambo mengine kabisa, na mwajiri anaweza kuyaweka kwenye fungu la makosa mazito bila shida kubwa. Ukituhumiwa kwa mojawapo, tafuta mtu wa kukushauri siku hiyohiyo.

Ukishapewa taarifa ya mtandao, isome kama mhasibu anavyosoma hesabu. Nakumbuka kikao kimoja, katika kampuni ya usafirishaji ambayo sitaitaja, ambapo msaidizi wa stoo alidaiwa kutazama video kwa saa kumi na moja katika wiki moja. Taarifa ilikuwa kurasa mbili, na ilitaja namba ya kompyuta bila kutaja mtu. Kompyuta yenyewe ilikaa kwenye meza ya mizani, ikitumiwa na watu wanne wa zamu tofauti, na nywila ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya kioo chake. Tulipoweka jedwali la zamu kando ya taarifa ile, siku mbili kati ya tano alikuwa likizo, na fomu ya likizo ilikuwa na saini ya meneja yuleyule aliyeandika tuhuma. Hatukuhitaji kusema mengi.

Kagua pia muda wenyewe unavyohesabiwa. Ukurasa ulioachwa wazi unaweza kuendelea kuvuta data wakati mtu yuko kwenye chakula cha mchana, na simu iliyounganishwa na Wi-Fi ya ofisi hupakua masasisho bila mwenyewe kuigusa. Kwa hiyo uliza: saa hizi ni za mtu kutumia, au ni za kifaa kuunganishwa? Je, saa ya mapumziko imeondolewa? Nani aliitoa taarifa kwenye mfumo, na je, atakuja kikaoni aulizwe maswali? Wakati huohuo usifute chochote kwenye kompyuta wala simu ya kazi, kwa kuwa kufuta kutageuka tuhuma mpya iliyo mbaya kuliko ya kwanza.

Kama mwajiri amesoma ujumbe wako binafsi, lipinge hilo kwa maandishi. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti kwa yeyote anayekusanya na kuchakata taarifa za watu. Kifaa kuwa mali ya kampuni hakumpi mwajiri ruhusa ya kufanya atakavyo. Hata hivyo sikushauri ujenge utetezi wote juu ya faragha pekee, hasa kama ulisaini sera inayosema kwamba mtandao unafuatiliwa.

Kuhusu kikao chenyewe, unastahili kujulishwa tuhuma kwa lugha unayoielewa na kupewa muda wa maandalizi usiopungua saa 48. Una haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako, kuuliza mashahidi maswali na kuleta wako. Mwenyekiti anapaswa kuwa mtu wa uongozi ambaye hakuhusika na tukio; aliyekuandikia tuhuma akikaa kwenye kiti hicho, pinga na utake pingamizi lako liingie kwenye muhtasari. Ukionekana na hatia, bado unapaswa kupewa nafasi ya kujitetea juu ya adhabu: miaka uliyotumika, rekodi yako safi, hali ya familia. Watu wengi huwa wamekata tamaa kufikia hapo na hunyamaza, jambo linaloniuma kila mara, kwa sababu ndipo onyo la maandishi linaweza kuchukua nafasi ya kufukuzwa. Na kama umesimamishwa kupisha uchunguzi, usimamishwe ukiwa na mshahara kamili.

Kuna ombi moja la kulikataa kwa upole na bila kuyumba. Utaitwa faragha na kuambiwa, kwa sauti ya huruma, kwamba ni bora uandike barua ya kuacha kazi mwenyewe ili usiharibu jina lako. Usiiandike siku hiyo. Mtu aliyeacha kazi kwa barua yake hujikuta akilazimika kuthibitisha kwamba alishurutishwa, na huo ni mlima mrefu.

Ukiachishwa, dai barua yenye sababu, cheti cha utumishi, mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyolimbikiza, na usafiri wa kukurudisha mahali ulikoajiriwa kama uliajiriwa kutoka mbali. Kisha hesabu siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, au tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri. Unajaza Fomu Namba 1, nakala anapelekewa mwajiri, nawe unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kila siku iliyopita, na madai mengi mazuri yamekufia hapo. Mkataba wako ukiwa wa muda maalumu, pata ushauri kabla ya kujaza, kwa kuwa dai la kuvunjwa kwa mkataba halijazwi sawa na la kuachishwa isivyo haki.

Tume huanza na usuluhishi. Pande zisipoelewana, shauri huenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika ana wiki sita za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ukishinda unaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo haki chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, mtumishi wa umma ana njia yake ya rufaa inayopitia Tume ya Utumishi wa Umma, na Zanzibar ina sheria zake za ajira.

Leo usiku, kabla ya jambo lingine lolote, chukua daftari uandike siku kwa siku yaliyotokea: nani alisema nini, saa ngapi, mbele ya nani. Weka humo nakala ya mkataba, barua zote na majina ya waliokuwa zamu.