Somo: Kumrekodi fundi wa majahazi

Haya nimejifunza Matondoni, kisiwani Lamu, kwa kukosea kwanza.

1. Siku ya kwanza nenda mikono mitupu. Kaa barazani, kunywa kahawa, ujulikane ni mtoto wa nani. Simu ibaki mfukoni.

2. Rekodi ndani. Msimu wa kusi upepo hula maneno. Rekodi yangu ya kwanza ni "vuuu" saa nzima. Weka simu hali ya ndege, juu ya kitambaa, shubiri mbili kutoka kinywani. Tumia programu ya WAV (faili ya sauti isiyobanwa), si ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Saa moja ya stereo hufika megabaiti 600 hivi, kwa hiyo futa zile video za harusi.

3. Ruhusa isikike kwenye rekodi: jina, tarehe, na nani aruhusiwe kusikiliza.

4. Uliza kwa kitu. Nilimwambia mzee mmoja, "Tueleze historia," akakohoa, akanitolea risala ya mgeni rasmi. Kesho yake nikampa pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa za chombo. Akaisokota kwa vidole, kimya, mpaka ikawa uzi. Ndipo akamtaja aliyemfundisha, kofi alilopigwa kwa kuacha upenyo kati ya mbao, na wimbo wa kushusha jahazi majini. Akauimba wote.

Mwaka usiulize. Uliza: kabla ya uhuru (1963) au baada? Mvua za Elnino (1997) zilimkuta akiunda chombo gani?

5. Nakili alivyosema. "Mato" isigeuzwe "macho", wala "ndia" kuwa "njia". Ukisanifisha, Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, umekitupa.

6. Nakala tatu, moja kwa familia yake.

MASWALI

Bibi yangu hataki sauti yake isikike na wanaume. Nifanyeje?
– Arekodi mjukuu wa kike, naye ndiye anakili. Wengine tusome maandishi. Akitaka sauti ifutwe, ifute.

Akianza ugomvi wa kiwanja, nizime?
– Usimkate. Mwishoni mrudishie kipande hicho asikie, aamue. Wawili kati ya wazee niliowarekodi walisema kifungwe hadi wafe.

Mwalimu, tuwalipe?
– Simulizi sinunui. Napeleka sukari na kahawa. Lakini fundi akiweka tezo lake la kuchongea mbao chini kwa ajili yako, mlipe kibarua cha siku hiyo.