Mambo ya kuandaa kabla hujafungua chenso ya zamani iliyogoma kuwaka

Kwanza acha kuvuta kamba. Najua umeshavuta mpaka bega linauma, mwenzako naye kajaribu, jirani aliyekuwa anapita njia na yeye kasema hebu nipeni mimi, na chenso, yaani msumeno wa petroli wa kukatia miti, bado iko kimya. Ukiendelea hivyo utakata kamba ya stata halafu utaijaza silinda petroli, basi. Iweke chini, kunywa maji, tuongee mambo ya kuandaa kabla hujashika bisibisi, maana kiukweli chenso nyingi nilizoona zimekufa zilifia mikononi mwa watu wenye haraka, uzee ulikuwa bado kabisa.

Mi natokea huku Mufindi mkoani Iringa, kazi zetu ni mipaini na milingoti (mikaratusi), na mashine ninazozijua ni za kizamani, Stihl 070 ya cc 106 ambayo ukiibeba siku nzima unakumbuka kila dhambi uliyotenda, 381 ya cc 72, na siku hizi zile za Kichina za cc 52 na 58 ambazo ziko kila kona. Wenzetu Kenya wanaita pawa soo lakini ugonjwa ni ule ule. Zote hizi ni injini za tu stroku na injini ya tu stroku haina mambo mengi, inataka petroli safi yenye oili, inataka moto wa plagi, inataka hewa iingie na moshi utoke, na inataka kompresheni, yaani pistoni ibane hewa ndani ya silinda bila kuvuja. Kimoja kikikosekana haiwaki. Shida ni kwamba watu wakisikia haiwaki wanakimbilia kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, moja kwa moja, sijui nani alitufundisha hivyo.

Nikupe mfano wangu mwenyewe. Baba mkwe alikuwa na 070 yake imekaa stoo kama miaka miwili, siku akaihitaji ikagoma, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, akafungua kabureta, akabadilisha daiaframu zote, vile vipira vyembamba vya ndani ya kabureta vinavyovuta mafuta, na plagi, akala hela yangu, ikagoma. Nikarudi nayo nyumbani nimenuna. Jioni moja nikaamua tu kufungua ekzosi kwa sababu ilikuwa ndio kitu pekee hakijaguswa, nikakuta dondola wamejenga udongo humo ndani, nyumba kamili, watoto na kila kitu. Moshi ungetokea wapi? Nikachokonoa na waya, nikafunga, kamba ya nne ikawaka. Tangu siku hiyo sifungui kabureta ya mtu kabla sijaangalia matundu yote kwa macho, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, na sioni aibu kupiga tochi kwenye ekzosi hata kama wenye mashine wananicheka.

Sasa maandalizi. Kabla ya chochote uliza historia. Mara ya mwisho iliwaka lini, ilizimika yenyewe ikiwa kwenye gogo au ilizimwa vizuri ikawekwa, nani aliwahi kuifungua, na mafuta yaliyomo ni ya lini. Iliyozimwa vizuri ikakaa mwaka mzima na petroli ndani ina asilimia kubwa ya kuwa na shida ya mafuta tu. Iliyozimika katikati ya kazi, tena baada ya kupiga kelele kali isiyo ya kawaida, hiyo jiandae kisaikolojia, inawezekana pistoni imeungua. Ndio maana mi naanza na kompresheni kabla sijanunua hata gasketi, kwa sababu hakuna maana kununua plagi ya kumvalisha marehemu. Switi ya kuzimia iwe off, plagi ikiwa imefungwa, ishike chenso kwa mpini wa kamba uiache ining'inie ishuke kwa uzito wake. Ikishuka polepole kwa kusitasita, kila pistoni ikifika juu inagoma kidogo, kuna uhai. Ikiporomoka kama ndoo inayoshuka kisimani, kompresheni hakuna. Mwenye geji ya kompresheni apime, mimi nikiona iko 120 au zaidi kwenye ile ya psi naendelea na kazi kwa moyo mweupe, ikiwa chini ya 90 naanza kumwandaa mwenye mashine.

Na ukitaka uhakika bila geji, toa ekzosi, ni boliti chache tu, uchungulie pistoni kupitia tundu huku unazungusha taratibu. Ikiwa laini na inang'aa, sawa. Ikiwa na mikwaruzo ya kushuka chini kama paka kaichakura, hiyo ilikosa oili au ilivuta hewa ya pembeni, na hapo unaongelea pistoni, ringi, pengine na silinda yake. Hapo simama upige hesabu kama inalipa, kwa 070 mara nyingi inalipa kwa sababu spea zake zinapatikana, pistoni yake ni ya milimita 58, nenda nayo ya zamani mkononi dukani usiende na maneno. Kwa ya Kichina mi ningefikiria mara mbili.

Kompresheni ikiwepo ndio uandae meza. Andaa sehemu yenye mwanga, mchana, iwe mbali na jiko, mbali na mtu anayevuta sigara. Sinia au hata mfuniko wa sufuria wa kuwekea boliti, bisibisi bapa, spana ya plagi, aleni-kii na kama ni Stihl za karibuni ile bisibisi ya nyota T27, brashi ya waya, kitambaa, waya uliokunjwa ncha kama ndoana, na simu. Simu ni ya kupiga picha kila hatua kabla hujachomoa waya au mpira, usijidanganye utakumbuka, hasa zile fimbo ndogo za choki na eksileta, zimewaliza wengi. Halafu toa cheni na baa, ile sahani ndefu ambayo cheni inaizunguka, uweke pembeni kabisa. Watu wengi wanaliruka hili, wanatafuta ugonjwa na cheni ikiwa imevaa, siku inawaka ghafla huku eksileta imekwama, unakuta mtu ana mshono kwenye goti.

Petroli. Hapa ndio nakaa sana kwa sababu ndio chanzo cha kesi nyingi. Ile iliyomo kwenye tanki imwage yote hata kama unaona uchungu. Mafuta yaliyochanganywa na oili yakizidi mwezi mmoja hivi yanaanza kuchoka, yakikaa miezi yanaacha gundi kwenye vitundu vya kabureta. Nunua mapya, lita moja tu ya majaribio, yaweke kwenye chupa safi inayoonyesha uyaache yatulie uangalie chini kama kuna maji, maana vidumu vyetu vingine jana vilikuwa na maji ya kunywa. Na yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa utayajua kwa harufu na kugoma kuwaka asubuhi, huku kwetu Juni na Julai kuna asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi, mafuta ya namna hiyo hayawaki hata uimbe.

Kuchanganya, tafadhali acha kukadiria kwa macho. Nenda duka la dawa nunua bomba la sindano la mililita 20. Oili nzuri ya tu stroku inayosema moja kwa hamsini, lita moja ya petroli ni sindano moja. Oili ya kawaida, au mashine za Kichina ambazo kitabu chake kinasema moja kwa ishirini na tano, lita moja ni sindano mbili. Basi, hakuna hesabu nyingine. Oili ya gari haifai, na oili chafu ya kumwagwa kwenye gereji hiyo wengine wanaiweka upande wa cheni, sishauri ila huko angalau haiui injini, kwenye petroli usithubutu.

Ukiwa umemwaga tanki ingiza ile waya yenye ndoana uvute filta ya ndani, iko mwisho wa mpira wa mafuta. Ikiwa nyeusi badilisha. Uvute mpira wenyewe kidogo uukunje, mpira wa zamani unakuwa mgumu unapasuka kama biskuti, na ukipasuka unavuta hewa badala ya petroli, utalaumu kabureta bure. Angalia pia mpira mnene unaounganisha kabureta na silinda, ukiwa na ufa hapo ndio pistoni zinaungua. Filta ya hewa igonge, ioshe kama inaoshwa, iwe kavu kabla ya kurudi.

Plagi sasa. Itoe uiangalie kabla hujaifuta, watu wanaifuta halafu ndio wanaanza kuuliza tatizo nini, wakati ushahidi umeshaenda na kitambaa. Ikiwa imelowa petroli, maana yake mafuta yanafika ila moto hakuna au imekunywa kupita kiasi. Ikiwa kavu kabisa baada ya kuvuta mara nyingi, mafuta hayafiki. Nyeusi ya masizi, inakula mafuta mengi kuliko hewa, na hii tunaiona sana huku kwa mashine iliyosetiwa Dar ikaletwa moja kwa moja Mafinga, kule ni usawa wa bahari huku ni zaidi ya mita 1,800, hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli inaonekana nyingi hata kama hakuna aliyegusa skrubu. Nyeupe kavu ni hatari, inakosa mafuta, tafuta inapovuta hewa.

Kupima moto chukua plagi mpya, hii ni ya kuwa nayo mfukoni siku zote, nafasi yake iwe milimita 0.5, ivalishe kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake maana humo unatoka mvuke wa petroli, halafu vuta. Cheche iwe ya bluu inayolia. Usivute huku waya wa plagi unaning'inia hewani, koili nyingine hazipendi. Hakuna cheche? Kabla hujanunua koili, ile inayotengeneza umeme wa plagi, na koili ni hela, chomoa ule waya mwembamba unaotoka kwenye switi ya kuzimia uvute tena. Moto ukirudi, ugonjwa ni switi au waya uliochubuka unaogusa bodi, kitu cha bei ya chai. Ila kumbuka mashine ikiwaka ukiwa umechomoa huo waya switi haitaizima, utaizima kwa choki, ujue hilo mapema usije ukaanza kuikimbia. Za zamani sana zina platini, yaani vigusio vya kukata na kuunga umeme, chini ya flaiwili, lile gurudumu lenye sumaku linalozunguka na injini, zinashika kutu zikikaa, msasa laini unatosha. Na nafasi kati ya koili na sumaku ya flaiwili iwe kama milimita 0.3, kadi ngumu ya jina inaingia hapo vizuri.

Kama moto upo, kompresheni ipo, ekzosi haina dondola, bado haiwaki, weka matone machache ya mafuta yaliyochanganywa, sio petroli tupu, kwenye tundu la plagi, funga, vuta. Ikiwaka sekunde mbili ikafa, sasa ndio ruksa kufungua kabureta, umeshapata uhakika. Nunua seti ya daiaframu kwa namba iliyoandikwa kwenye kabureta yenyewe, namba ya chenso haitoshi. Na zile skrubu za L na H za kupimia mafuta, L ya mwendo mdogo na H ya mwendo mkali, kabla hujazitoa zifunge taratibu huku unahesabu mizunguko mpaka ziguse, usikaze, andika ukutani kwa mkaa ikibidi. Mashine nyingi zinaanzia karibu na mzunguko mmoja, lakini namba ya kwako ni bora kuliko ya kuambiwa.

Kuhusu kuwasha kwenyewe, chini kabisa, mguu kwenye mpini wa nyuma, breki ya cheni imefungwa kama mashine yako inayo, choki yote, vuta mpaka ikohoe mara moja. Ikikohoa tu, toa choki! Hapa ndio wengi wanapokosea, wanasikia imekohoa wanafurahi wanavuta tena na choki ikiwa imefungwa, inakunywa, inalowa. Ikishalowa toa plagi, igeuze tundu liangalie chini, choki wazi, eksileta umeibana, vuta mara kama nane itapike, kausha plagi, pumzika kidogo uanze upya. Na ikiwaka halafu ikazimika baada ya dakika chache, legeza mfuniko wa tanki. Ukisikia inavuta hewa fyuu halafu inawaka tena, kitundu cha kupumulia tanki kimeziba.

Ikishawaka iache ikae sailensa, yaani ingurume taratibu bila kubana eksileta, dakika moja mbili kabla hujaipa gogo. Na siku ya kuirudisha stoo mwaga petroli, iwashe imalizie iliyobaki kwenye kabureta mpaka ijizime, halafu ziba ekzosi na kitambaa. Ya baba mkwe tunaziba kwa kitambaa chekundu kinachoning'inia nje kama ulimi, kwa sababu mwaka juzi tulitumia cheusi, tukavuta kamba asubuhi nzima.